Nyumba Hula Mara Mbili

Ndugu msomaji, mwulize mtu aliyejenga nyumba, "Nyumba yako imekula nini?" Atakujibu upesi. Atataja matofali, mabati, misumari na siku za fundi. Lakini hatataja kuni zilizopika ugali wa jana. Kwake yeye, nyumba ilikwisha kula siku ile ilipoezekwa.

Sivyo. Nyumba hula mara mbili. Hula siku inapojengwa. Kisha hula kila siku watu wanapoishi ndani yake. Mlo wa kwanza ni mkubwa, na kila mtu huuona. Mlo wa pili ni mdogo, lakini haukomi. Wahenga walisema: Bandu bandu huisha gogo.

Katika somo hili tutajifunza kuhesabu milo yote miwili pamoja. Hesabu yake si ngumu. Anayejua kujumlisha, kuzidisha na kugawanya ataiweza.

1. NYUMBA YA BABA KULWA

Tuchukue mfano. Watu wa mfano huu si watu halisi. Lakini wanafanana na watu wengi tunaowajua.

Baba Kulwa na Mama Kulwa wanaishi katika kijiji kimoja cha Usukumani. Nyumba yao ni ya miti na udongo, nayo imechoka. Mchwa wamekula nguzo. Mvua ikinyesha, wanahamisha vitanda. Mwaka huu pamba imewapa fedha kidogo. Wamenunua mabati 30. Baba Kulwa na vijana wake wamefyatua matofali 6,000. Matofali yamepangwa uani, yanakauka.

Jioni moja Baba Kulwa alisema, "Sasa zimebaki kuni za tanuri. Kule kilimani bado kuna miti mikubwa. Nitaomba kibali serikali ya kijiji, nikate."

Mama Kulwa alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Baba Kulwa, miti ile ukiimaliza, mimi nitapikia nini?"

"Kuni za kupikia ni vijiti tu, Mama Kulwa. Tanuri ndilo linalokula."

"Vijiti hivyo nani anavibeba? Zamani nilikwenda kuni na kurudi kabla ya jua kuwa kali. Siku hizi natoka alfajiri, narudi saa nane mchana. Kulwa na Doto siku ya kuni hawaendi shule. Wewe unahesabu siku ya kujenga. Mimi nahesabu siku za kuishi."

Baba Kulwa akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi tuhesabu zote. Lete lile daftari la kisomo."

2. KIPIMO KIMOJA

Walipofungua daftari, wakakwama. Matofali huhesabiwa kwa idadi. Saruji huhesabiwa kwa mifuko. Mabati huhesabiwa kwa vipande. Kuni huhesabiwa kwa mizigo. Huwezi kujumlisha mifuko na vipande na mizigo ukapata jibu lenye maana. Ni kama kujumlisha mbuzi na madebe ya mahindi.

Lazima kupata kipimo kimoja. Vitu hivi vyote vina jambo moja linalofanana: vyote vimepita motoni. Matofali huchomwa. Saruji huchomwa kiwandani. Chuma cha mabati huyeyushwa kwa moto mkali. Ugali nao hupikwa motoni. Basi tunaweza kuuliza swali moja kwa kila kitu: Moto wake ni sawa na mizigo mingapi ya kuni?

Mama Kulwa akasema, "Mzigo wa kuni mimi naujua. Shingo yangu inaujua." Wakaupima kwa mizani ya kupimia pamba. Mzigo mmoja ulikuwa na kilo 20. Hicho ndicho kitakuwa kipimo chetu.

3. MLO WA KWANZA: KUJENGA

Matofali ya kuchoma. Ili tofali liive na lisiyeyuke kwa mvua, moto wa tanuri lazima ufike kama nyuzi 900 za joto. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapo utaona jinsi moto huo ulivyo mkali. Tena tanuri la kijijini hupoteza joto jingi pembeni na juu. Kiasi cha kuni hutofautiana. Kuni mbichi hupoteza moto. Matofali mabichi hupoteza moto pia, kwa sababu moto hukausha maji kwanza kabla ya kuchoma. Kwa mfano wetu, tuseme tanuri la matofali 6,000 litakula kilo 4,000 za kuni. Gawanya kwa 20. Utapata mizigo 200.

Mabati. Bati hutengenezwa kwa chuma, na chuma hutoka katika mawe yanayoyeyushwa kwa moto mkali sana. Bati moja jembamba la mita 3 lina uzito wa kama kilo 6. Moto uliotumika kulitengeneza haupungui sana moto wa mzigo mmoja wa kuni. Kwa hiyo tutahesabu bati moja kuwa mzigo mmoja. Mabati 30 ni mizigo 30.

Saruji. Saruji hutengenezwa kwa mawe ya chokaa na udongo. Husagwa, halafu huchomwa katika tanuri kubwa la kiwanda mpaka kufika kama nyuzi 1,450. Kiwanda cha Wazo Hill karibu na Dar es Salaam kimefanya kazi hiyo tangu mwaka 1966. Moto wa kutengeneza mfuko mmoja wa kilo 50 ni sawa na moto wa kilo 13 hadi 15 za kuni kavu. Tutahesabu mfuko mmoja kuwa mzigo mmoja. Tumezidisha kidogo kwa makusudi, ili safari ya lori nayo iingie katika hesabu.

Saruji ina jambo jingine. Mawe ya chokaa yakichomwa hutoa hewa ukaa, mbali na ile inayotoka katika moto wenyewe. Hewa hii ikizidi angani, hushika joto la jua, na dunia huzidi kupata joto. Wataalamu wanakadiria kwamba viwanda vya saruji vya dunia nzima hutoa sehemu 7 au 8 katika kila sehemu 100 za hewa ukaa inayotokana na kazi za watu. Kwa hiyo saruji si kitu kibaya, lakini si kitu cha kumwaga ovyo.

4. MLO WA PILI: KUISHI

Sasa tuingie jikoni. Mama Kulwa anapikia mafiga matatu. Alisema mzigo mmoja humtosha siku tatu. Baba Kulwa akagawanya siku 365 kwa 3. Alipata 121 na kidogo. Wakaandika 120, ili hesabu iwe nyepesi.

Mizigo 120 kwa mwaka mmoja. Nyumba mpya wanataka wakae ndani yake miaka 20 angalau. Baba Kulwa akazidisha:

120 × 20 = 2,400

Aliitazama namba hiyo. Akaizidisha tena kwa kuwa hakuiamini. Ikawa ile ile. Tanuri lote la matofali litakula mizigo 200. Mafiga matatu yatakula mizigo 2,400. Yaani mafiga yale, aliyoyaita vijiti tu, yatakula kama matanuri 12.

Tanuri linawaka siku chache, na kijiji kizima hulitazama. Mafiga yanawaka miaka yote, na hakuna anayeyatazama ila mpishi.

5. KUJUMLISHA MILO YOTE MIWILI

Mama Kulwa alikuwa amesikia juu ya matofali ya udongo na saruji. Haya hayachomwi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, hukandamizwa kwa mashine ya mkono, halafu huachwa yakomae. Kwa nyumba yao fundi alisema yangehitajika matofali makubwa 2,000 na mifuko kama 24 ya saruji. Alikuwa pia amesikia juu ya jiko bora la udongo, lenye kuta na bomba la moshi. Jiko hilo likijengwa vizuri na kutumiwa vizuri, laweza kupunguza kuni kwa theluthi moja. Badala ya mizigo 120, itakuwa mizigo 80 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni mizigo 1,600.

Wakaandika nyumba nne katika daftari. Zote zina mabati 30. Msingi na sakafu ni vile vile, kwa hiyo hawakuvihesabu.

Nyumba A: matofali ya kuchoma na mafiga matatu
Kujenga 230 + kuishi 2,400 = mizigo 2,630

Nyumba B: matofali ya udongo na saruji, na mafiga matatu
Kujenga 54 + kuishi 2,400 = mizigo 2,454

Nyumba C: matofali ya kuchoma na jiko bora
Kujenga 230 + kuishi 1,600 = mizigo 1,830

Nyumba D: matofali ya udongo na saruji, na jiko bora
Kujenga 54 + kuishi 1,600 = mizigo 1,654

Soma namba hizi polepole. Anayetazama ujenzi peke yake atasema nyumba B ni bora kuliko nyumba C. Lakini ukijumlisha milo yote miwili, nyumba C inaishinda nyumba B kwa mbali. Anayetazama jiko peke yake atasema C na D ni sawa. Lakini D imeokoa mizigo 176 zaidi. Ukihesabu upande mmoja tu, utadanganyika.

Namba zako hazitakuwa sawa na hizi. Huenda familia yako ni kubwa zaidi. Huenda kuni zenu ni za miiba, au mnapikia pumba au mkaa. Kwa hiyo usichukue namba za mfano huu tu. Pima mwenyewe. Tenga mzigo mmoja, uupime, kisha hesabu siku.

6. USIUDHARAU MLO WA KWANZA

Mtu anaweza kusema, "Kama mafiga ndiyo yanayokula sana, basi nikate miti nichome matofali bila wasiwasi." Huyo hajaelewa. Kuna mambo mawili ya kukumbuka.

Kwanza, kuni za tanuri si sawa na kuni za jikoni. Mpishi huokota matawi makavu, na mti hubaki hai ukatoa mengine. Tanuri hutaka magogo. Gogo ni mti mzima uliokatwa. Mti wa miaka 30 huangushwa kwa nusu saa.

Pili, tanuri hula kwa mara moja. Kama kaya 40 za kijiji zitachoma matofali mwaka mmoja, kila moja mizigo 200, hiyo ni mizigo 8,000. Kuni hizo zingetosha kupikia kaya 66 kwa mwaka mzima. Kilima hakiwezi kuzaa upya kwa kasi hiyo.

Watu wa Shinyanga wanalijua jambo hili. Huko nyuma misitu mikubwa ilifyekwa ili kufukuza mbung'o, na kupata mashamba ya pamba na malisho. Ilifika wakati mtu anatembea mbali sana kutafuta kuni na miti ya kujengea. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa jina la HASHI. Wananchi walirudia desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo na kuliacha lipumzike ili majani na miti ikue. Baada ya miaka kadhaa vichaka vilirudi, na kuni na miti ya kujengea ikapatikana tena karibu na nyumba. Ardhi husamehe, lakini hutaka muda. Kukata ni kwa siku moja, kuotesha ni kwa miaka.

7. UKIBANA HUKU, PANAFUMUKA KULE

Sababu kubwa ya kuhesabu milo yote miwili pamoja ni hii: ukipunguza mmoja bila kufikiri, unaweza kuuongeza mwingine.

Mtu mmoja anataka kuokoa matofali. Anaacha kujenga jiko. Mkewe anapikia nje penye upepo. Upepo unatawanya moto, na kuni zinakwisha haraka. Matofali aliyookoa ni machache, lakini kuni anazopoteza hazina mwisho.

Mwingine anaogopa gharama ya madirisha. Anajenga chumba chenye tundu dogo kama la panya. Ndani ni giza mchana kutwa. Taa inawaka saa sita mchana. Moshi nao haupati njia. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyotokana na moshi wa majumbani. Waliomo hatarini sana ni akina mama wanaopika na watoto wanaobebwa mgongoni.

Wa tatu anakosea kwa upande mwingine. Anataka nyumba ya fahari. Anajenga kuta nene za saruji tupu, na vyumba vinane kwa watu wanne. Jiko anasahau. Chumba kisicholaliwa nacho kimekula matofali na mabati. Kujenga ukubwa unaotosha ni njia moja ya kuokoa, na haihitaji fundi wa pekee.

Nchi nyingine nazo zimejifunza somo hili. Katika nchi za baridi, watu huwasha moto ndani ili wasigande. Kwa miaka mingi wataalamu wa huko walihesabu moto huo tu. Walizifunga nyumba vizuri ili joto lisitoke. Baadaye waliona kwamba vifaa vyenyewe, kama saruji, chuma na vioo, navyo vimekula moto mwingi kabla mtu hajaingia kulala. Tangu mwaka 2022, sheria ya Ufaransa inataka mjenzi wa nyumba mpya ya kuishi ahesabu vyote viwili: vifaa vya kujengea, na nishati itakayotumika ndani kwa miaka 50. Hesabu yao ina kurasa nyingi. Lakini kiini chake ni kile kile kilichoandikwa katika daftari la Mama Kulwa.

8. UMRI WA NYUMBA

Kuna namba moja bado hatujaitumia. Nayo ni umri wa nyumba.

Tuseme matofali ya kuchoma yamekula mizigo 200. Nyumba ikidumu miaka 40, gawanya 200 kwa 40. Ni mizigo 5 tu kwa mwaka. Lakini nyumba ikibomoka baada ya miaka 10, ni mizigo 20 kwa mwaka. Matofali ni yale yale. Kilichobadilika ni utunzaji.

Ndiyo maana nyumba ya miti na udongo, inayoonekana rahisi, mara nyingine hugeuka kuwa ghali. Miti michanga mingi hukatwa. Mchwa huila. Baada ya miaka michache hukatwa mingine. Mtu hujenga mara tatu katika muda ambao jirani yake amejenga mara moja.

Nini hurefusha umri wa nyumba? Mambo yenyewe ni ya kawaida:

(a) Msingi wa mawe unaopanda juu ya ardhi, ili maji yasilambe ukuta na mchwa wasipande kwa siri.
(b) Upenu mrefu, ili mvua isipige ukuta.
(c) Mfereji mdogo kuzunguka nyumba, ili maji yaondoke.
(d) Kuziba ufa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

9. KUPUNGUZA MLO WA KWANZA

Kama utatumia matofali ya udongo na saruji. Mashine ya mkono ya kukandamiza matofali ya namna hii ilibuniwa nchini Kolombia mwaka 1956, ikaitwa Cinva-Ram. Baadaye zilitengenezwa za namna nyingine nyingi, na sasa ziko ambazo matofali yake hushikana yenyewe bila udongo wa katikati. Hapa Tanzania wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na vifaa vya ujenzi uliwahi kufundisha kazi hii. Mashine moja yaweza kutumiwa na kikundi kizima.

Usitumie udongo wa juu wenye majani na mizizi. Huo ni wa shamba. Chimba chini yake. Kisha upime hivi: tia udongo katika chupa nyeupe mpaka karibu nusu, jaza maji, tikisa sana, halafu iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, na udongo mfinyanzi utakaa juu. Udongo mzuri kwa matofali haya una mchanga mwingi na mfinyanzi kidogo. Ukiwa na mfinyanzi mwingi mno, tofali litapasuka. Saruji huwa kati ya sehemu 5 na 10 katika kila sehemu 100, kufuatana na udongo. Fyatua matofali machache kwanza, uyajaribu kabla ya kununua mifuko yote.

Matofali yakishatoka, yaweke kivulini. Yanyunyizie maji kila siku kwa siku 7 angalau. Saruji haikauki tu kama nguo. Hukomaa kwa maji. Tofali likikaushwa kwa jua kali siku ya kwanza, saruji uliyoinunua imepotea.

Kama utachoma matofali. Yaache yakauke kabisa. Tumia kuni kavu. Kandika tanuri lote kwa udongo nje, ili joto lisitoroke. Tanuri moja kubwa la majirani wawili hupoteza joto kidogo kuliko matanuri mawili madogo. Mahali panapolimwa mpunga, pumba zake hufaa sana kuchomea.

Tena kumbuka hili: si kila ukuta unanyeshewa. Ukuta wa ndani hauoni mvua. Waweza kujengwa kwa matofali yaliyokaushwa kwa jua tu, maadamu yamekaa juu ya msingi mzuri. Tofali lisilochomwa halijala hata kijiti kimoja.

10. WALICHOAMUA

Baba Kulwa na Mama Kulwa walitamani nyumba D. Lakini matofali 6,000 yalikuwa yamekwisha kufyatuliwa, na fedha ya mifuko 24 haikuwapo. Wangefanya nini? Kuyatupa matofali yaliyokwisha kutokwa jasho si akili.

Mama Kulwa akauliza, "Kuta za ndani zinataka matofali mangapi?"

Fundi alihesabu. Yalikuwa kama 2,000. Basi wakaamua kuchoma 4,000 tu. Kuni zikapungua kutoka mizigo 200 hadi kama mizigo 135. Wakaandika nyumba ya tano:

Nyumba E: matofali 4,000 ya kuchoma, 2,000 ya jua, na jiko bora
Kujenga 165 + kuishi 1,600 = mizigo 1,765

Si ndogo kama nyumba D. Lakini ni pungufu ya nyumba A kwa mizigo 865.

Walikubaliana mambo mengine mawili. La kwanza, jiko lijengwe pamoja na nyumba, si baadaye. Tundu la bomba la moshi liachwe ukutani wakati fundi bado yupo, na dirisha la jiko lielekee mbali na upepo mkali. Jambo linaloahirishwa mpaka baadaye, mara nyingi halifanyiki. La pili, kabla ya tanuri kuwashwa, wapande miti nyuma ya nyumba, nayo wailinde na mbuzi.

Baba Kulwa alifunga daftari. Akasema, "Nilidhani namjengea mke wangu nyumba. Kumbe nilikuwa namwongezea safari ya kuni."

Mama Kulwa akacheka. "Sasa zidisha na hili," akasema. "Mizigo 40 iliyopungua kila mwaka, Kulwa na Doto watapata siku ngapi za shule?"

Hesabu hiyo tunakuachia wewe, ndugu msomaji.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini tunasema nyumba hula mara mbili?
2. Kwa nini Baba Kulwa na Mama Kulwa walihitaji kipimo kimoja?
3. Nyumba B imekula kidogo wakati wa kujenga kuliko nyumba C. Kwa nini tunasema C ni bora kuliko B?
4. Pimeni mzigo mmoja wa kuni nyumbani kwenu. Unatosha siku ngapi? Kwa mwaka mmoja ni mizigo mingapi? Kwa miaka 20 je?
5. Kama matofali yamekula mizigo 180 na nyumba imedumu miaka 30, ni mizigo mingapi kwa mwaka? Ikidumu miaka 6 tu je?
6. Tembeeni kijijini pamoja na mwalimu. Tafuteni nyumba moja ambayo upenu wake ni mfupi. Ukuta wake ukoje? Mngemshauri nini mwenye nyumba?
7. Taja njia tatu za kupunguza mlo wa kwanza wa nyumba, na njia mbili za kupunguza mlo wa pili.